Ninaongoza Sala Kila Siku, Lakini Mimi Mwenyewe Siombi Tena

Mzee wa Safu, shikamoo.

Mimi ni mwalimu wa kike mwenye umri wa miaka 36, mzaliwa wa mwambao wa Ziwa Nyasa upande wa Tanzania, si mbali na Liuli, na ni Mwanglikana tangu utotoni. Miaka mitatu iliyopita nilijitolea kwenda kufundisha hisabati na fizikia katika shule ya sekondari ya wasichana inayomilikiwa na kanisa nchini Malawi, ng'ambo ya ziwa hilo hilo nililoogelea nikiwa mtoto. Parokia ilinifanyia Misa ya kunituma, Padri akaniwekea mikono, akina mama wa Umoja wa Mama wakanivisha kanga na kunikabidhi Biblia mpya, na kwaya ikanisindikiza kwa nyimbo hadi stendi ya basi. Ninayaeleza haya ili uelewe kwamba sikuja huku kutafuta pesa, kwa kuwa posho ninayopokea ni ndogo kuliko mshahara niliouacha.

Nilipoondoka nilikuwa na tumaini moja kubwa, ambalo sikumwambia mtu. Niliamini kwamba nikiwa mbali na shughuli za ukoo, mashamba na michango ya harusi isiyokwisha, ningepata nafasi ya kumkaribia Mungu kuliko nilivyowahi. Kumbe mambo yamekwenda kinyume. Nina vipindi 28 kwa wiki. Kwa sababu nilitumwa na kanisa, niliteuliwa mara moja kuwa mwalimu wa ibada, hivyo ninaongoza Sala ya Asubuhi siku zote tano za masomo na kutoa neno fupi kila siku. Nina zamu ya bweni, nina prepo ya usiku, na madaftari ninayasahihisha hadi saa sita. Saa kumi alfajiri ninaamka ili niombe kwa muda wa saa nzima kabla ya kengele, lakini mara nyingi ninashtuka nikiwa nimelala juu ya Kitabu cha Sala, ukingo wa jalada ukiwa umejichora shavuni. Wasichana wa mstari wa mbele huiona alama hiyo nikiwa nawahubiria juu ya kukesha.

Nikifungua Biblia, akili yangu inakimbilia mahubiri: mstari huu utafaa Jumatano, mfano huu utawachekesha kidato cha kwanza. Sikumbuki ni lini nilisoma sura moja kwa ajili ya nafsi yangu. Kwetu tulikuwa na kikundi cha maombi cha Alhamisi ambacho kilinibeba hata nilipochoka. Kwetu kulikuwa na Padri wa kumwendea kuungama. Hapa Padri anahudumia makanisa mengi na hutufikia mara moja kwa mwezi, akiwa na haraka. Liturujia ni ya Kichewa, nami ingawa sasa ninaielewa, ninaitamka kama mtu anayesoma tangazo la mnada. Wasichana nao, niseme kweli, hawana moyo wa ibada kama wasichana wa kwetu. Wanakuja kanisani kwa kuwa kengele imelia, wanapiga miayo, na nyimbo zao hazinigusi kama nyimbo za kwetu. Hata dagaa wa huku, ukiniruhusu nitanie kidogo, hawana ladha ya wale wa kwetu.

Kinachonitesa zaidi ni taarifa. Kila baada ya miezi mitatu ninaandikia parokia iliyonituma na kuambatanisha picha. Watu wa kwetu husomewa taarifa hizo kanisani baada ya matangazo, nao hupiga makofi na kutoa sadaka. Nimeandika kwamba wasichana 11 wamepata kipaimara na kwamba kikundi cha Biblia kimeanza. Yote ni kweli. Lakini sijaandika kwamba tangu Pasaka sijaomba sala hata moja iliyotoka moyoni. Nilipokuwa mdogo tulipelekwa kwa hija kwenye kaburi la Archdikoni Johnson pale Liuli, nami niliamini kwamba mtu wa namna ile alikuwa akipiga magoti tangu asubuhi hadi jioni. Sasa nami ninaitwa mmisionari, na ninaona aibu.

Nimeanza kuwaza kwamba nimekosea wito. Huenda ingekuwa heri niache ualimu, nirudi kwetu, kisha niombe kupokelewa na masista wa Masasi, mahali ambapo kazi ya mtu ni kusali. Je, nifanye hivyo? Na kama sivyo, nitaipataje ibada ya kina nikiwa na chaki mkononi kuanzia asubuhi hadi usiku?

Ni mimi,
Mwalimu wa Ng'ambo ya Ziwa, Malawi


MZEE WA SAFU ANAJIBU

Marahaba, Mwalimu. Barua yako nimeisoma mara tatu, na mara ya tatu nilishika kalamu nikawa ninahesabu, maana nami nilikuwa mwalimu wa hisabati kabla ya kustaafu na mazoea hayaachi. Neno "kwetu" umeliandika mara saba. Jina la mwanafunzi hata mmoja halimo. Nitairudia hesabu hiyo baadaye. Kwa sasa tuanze na usingizi.

Unalala saa sita usiku na kuamka saa kumi alfajiri. Hizo ni saa nne. Mtu anayelala saa nne kwa siku, miezi na miezi, akisinzia juu ya Kitabu cha Sala hajapoa kiroho, amechoka mwili. Katika Kitabu cha Kwanza cha Wafalme, sura ya 19, Eliya alikimbilia nyikani akajilaza chini ya mti akiomba afe, na malaika aliyetumwa kwake hakumfundisha namna ya kuomba. Alimwekea mkate na maji, akamwacha alale, akamwamsha ale tena. Sauti ile ndogo ya utulivu ilikuja baadaye sana, baada ya safari ya siku arobaini. Kwa hiyo neno langu la kwanza kwako ni la kimwili kabisa: lala saa nne usiku, na uamke saa kumi na moja. Madaftari yatakayobaki yabaki. Kisha nenda kwa mkuu wa shule umweleze kwa adabu kwamba unaomba kuongoza Sala ya Asubuhi siku mbili tu kwa wiki, na siku nyingine ziongozwe na wasichana wa kidato cha tatu na cha nne. Utaratibu wa sala umeandikwa kitabuni, na msichana anayeweza kusoma tatizo la fizikia anaweza kusoma zaburi mbele ya wenzake. Siku hizo tatu keti kwenye benchi, katikati yao, bila karatasi mkononi.

Sasa tuje kwenye ukavu wenyewe. Unauonea aibu kana kwamba ni dhambi, nami sikubaliani nawe. Sote tunaijua Zaburi ya 42, "Kama ayala aioneavyo shauku mito ya maji", na tunaiimba kama wimbo wa mtu aliyejaa ibada. Uisome tena ukiwa na maisha yako akilini. Mwimbaji yuko mbali, katika nchi ya Yordani na ya Hermoni, na kinachomliza ni kumbukumbu ya zamani alipokuwa akienda na mkutano na kuwaongoza nyumbani kwa Mungu kwa shangwe. Yule alikuwa kiongozi wa ibada aliyejikuta ugenini bila kwaya yake. Kiu aliyo nayo, na machozi yaliyokuwa chakula chake mchana na usiku, ndiyo sala yenyewe iliyoingia kitabuni na kudumu hadi leo. Wewe unasema kwamba tangu Pasaka hujaomba sala iliyotoka moyoni, ilhali barua uliyoniandikia imejaa sala hiyo. Kosa lako ni kwamba umeituma kwangu peke yangu.

Kuhusu kusoma Biblia ukiwinda mahubiri, huo ni ugonjwa wa kazi kwa wote tunaosimama mbele za watu, na dawa yake ni ya kihunzi tu. Chagua kitabu kimoja cha Biblia, tuseme Injili ya Marko, na ukiharamishe kwa mahubiri muhula mzima. Chochote utakachokiona humo hakiruhusiwi kufika kanisani, wala kwenye kikundi cha Biblia, wala kwenye taarifa. Soma mistari michache kwa siku, kwa kalamu iliyofunikwa. Siku za kwanza utaona akili inahangaika kama mbwa aliyezoea kutumwa, na baada ya wiki mbili tatu itatulia.

Umemtaja Archdikoni William Percival Johnson, nami nimefurahi, kwa kuwa nadhani umemdhulumu bila kukusudia. Alifika Unguja mwaka 1876 akiwa kijana wa UMCA, chama cha wamisionari Waanglikana, na tangu alipofika ziwani hadi alipofariki mwaka 1928 maisha yake yote yalikuwa ya kutembea, kufundisha na kutafsiri. Jicho moja lilipofuka na la pili likabaki na nuru hafifu, naye akaendelea. Biblia aliitafsiri kwa Kinyanja cha upande wa Likoma, kisiwa cha ziwa hilo, kazi ambayo mtu hawezi kuifanya bila kuketi miaka mingi na wavuvi na wanawake wa mwambaoni akiwauliza hili mnaliitaje na lile mnalisemaje. Ile meli iliyoitwa Chauncy Maples, iliyoanza kazi ziwani mwaka 1901 na kupewa jina la askofu aliyezama katika ziwa hilo mwaka 1895, ilikuwa pia chuo cha kuwaandaa walimu. Ulimdhania mtu wa kupiga magoti tangu asubuhi hadi jioni. Alikuwa mwalimu mwenzako, tena mwenye macho mabovu kuliko yako.

Wala usidhani kwamba mambo hayo ni ya wazungu. Katika Buganda ya zamani Wakristo waliitwa wasomaji, kwa sababu kujifunza imani na kujifunza herufi lilikuwa jambo moja, na mtu alifika kwenye ubatizo akiwa na kitabu mkononi. Kutoka huko alitoka Apolo Kivebulaya, ambaye baada ya kubatizwa mwaka 1895 alikwenda kuwa mwalimu Toro, magharibi mwa Uganda, na kisha Boga, upande wa Kongo. Alipigwa, akafungwa, na ni gerezani alikomwona Kristo aking'aa kama jua na kumtia moyo. Hakutoka gerezani akatafuta nyumba ya watawa; alirudi kuwafundisha watu kusoma, na hata uzeeni alikuwa akishughulika na lugha ya Wambuti wa msituni. Alifia Boga mwaka 1933. Ninachotaka ukione hapa ni kwamba katika historia ya kanisa la kwetu Afrika Mashariki ibada na darasa havijawahi kuwa wake wenza wanaogombea nyumba.

Lakini mtu ambaye nadhani anafanana nawe zaidi aliishi kando ya ziwa jingine kabisa. Ni Mmarekani Frank Laubach, aliyekwenda Ufilipino mwaka 1915 kama mmisionari, na baada ya miaka mingi ya kazi, akiwa na umri wa miaka 45 hivi, akajikuta peke yake katika mji wa Dansalan kando ya Ziwa Lanao, kisiwani Mindanao, mke na mtoto wake wakiwa wamebaki Baguio, mbali kaskazini. Wamaranao, wenyeji wa pale, ni Waislamu wenye fahari yao, na hawakumtaka. Kila jioni alipanda kilima nyuma ya nyumba yake akiwa na mbwa wake, akaketi juu na kulia kushindwa kwake. Ni pale juu ya kilima alipotambua jambo lililomchoma: kwamba moyoni mwake aliwadharau watu aliodai amekuja kuwapenda, kwa kuwa yeye alikuwa mzungu na wao walikuwa Wamaranao. Alishuka akaenda kwa walimu wao wa dini, akawaomba wamfundishe Kurani, akaanza kujifunza lugha yao, na kutokana na lugha hiyo ikazaliwa kazi ya kuwafundisha watu wazima kusoma iliyompeleka baadaye katika nchi nyingi. Mwaka huo huo wa 1930 alianza jaribio la kumkumbuka Mungu katika kila dakika ya kazi, akawa anamwandikia baba yake barua juu ya jaribio hilo, na hakuficha siku alizoshindwa.

Angalia mfuatano wa mambo. Ukavu haukumwondoka kwanza ndipo akawapenda watu. Na mapenzi kwa watu yalianzia kwenye kukiri dharau.

Sasa ninairudia ile hesabu yangu. Mwalimu, usinikasirikie. Unaposema wasichana wa huko hawana moyo wa ibada, nyimbo zao hazikugusi, na hata dagaa hawana ladha, mimi ninamsikia mtu ambaye mwili wake umevuka ziwa na moyo wake umebaki stendi ya basi ukisikiliza kwaya. Dagaa wale wametoka katika ziwa moja, binti yangu. Ulichokizoea ni mkono wa mama yako uliowakaanga. Ndivyo ilivyo na sala: ulichokikosa ni mikono ya watu wa Alhamisi waliokubeba, na umekiita kukosekana kwa Mungu. Kuwakumbuka si kosa. Lakini umekuwa ukiwapima wasichana wako kwa kipimo cha wengine kwa miaka mitatu, na watoto huijua hali hiyo upesi sana, hata kama mwalimu hajatamka neno.

Nikueleze lililonipata mimi. Nilifundisha miaka minne katika shule moja Mashariki mwa Zambia, ambako nilikwenda nikiwa na hamu ya kiroho kama yako, na daftari dogo nililoandikia dakika za maombi ya kila siku. Dakika ziliongezeka na mimi nikazidi kuwa mkali. Kidato cha pili kulikuwa na mvulana aliyecheka kila nilipojaribu kuzungumza Kinyanja, na katika daftari la mahudhurio alikuwa nambari 17. Mwalimu mzee wa pale, mwenyeji, aliliona daftari langu la dakika akaniambia kwa upole kwamba nina daftari jingine lililo bora zaidi, akanyooshea kidole lile la mahudhurio. Alinishauri kwamba ninapoita majina asubuhi, nisiyaite kama karani. Nilitaje kila jina, nimtazame mwenye jina usoni, na kimoyomoyo nimwambie Mungu, huyu ni wako. Wanafunzi walikuwa 43, na zoezi lote halikuzidi dakika nne.

Kwa wiki ya kwanza nilijiona mjinga. Wiki ya pili, nilipofika nambari 17, niliona kwamba duara jekundu la kutokuwepo lilikuwa likiangukia siku za Jumatatu, na kwamba sikuwahi kuuliza sababu. Nilimuuliza. Alikuwa akilala kwa bibi yake kila mwisho wa wiki, mwendo wa saa tano kwa miguu, ili amchotee maji na kumtwangia, na Jumatatu ndiyo ilikuwa siku ya kurudi. Huyo ndiye niliyekuwa nikimwombea kwa jumla asubuhi, katika maombi yangu ya saa nzima, kwa maneno "wabariki wanafunzi wangu". Sikuacha mara moja kukasirishwa na kicheko chake, lakini maombi yangu yalipata mahali pa kukanyaga. Lile daftari la dakika nililitumia baadaye kuwashia jiko la mkaa.

Kwa hiyo unapouliza utaipataje ibada ya kina ukiwa na chaki mkononi, jibu langu ni kwamba usiitafute mahali pengine kabla hujaitafuta hapo. Chukua daftari la mahudhurio la darasa moja tu, si yote, na ufanye kama nilivyofundishwa. Unapoandika tarehe ubaoni, tulia pumzi moja kabla ya kugeuka. Unaposahihisha, usiweke alama kwenye daftari kabla hujasoma jina la juu ya jalada. Haya ni mambo madogo na yanaweza kukuchosha kwa udogo wake. Watu wengi huyaacha kwa sababu hayana msisimko wa mkesha.

Kuhusu Kichewa, nadhani una hazina ambayo hujaifungua. Sisi tunasema "Jina lako litukuzwe", na tumelisema mara elfu nyingi hadi midomo inakwenda yenyewe. Wao wanasema "dzina lanu liyeretsedwe", na ndani ya neno hilo kuna kuyera, yaani kuwa cheupe, kuwa safi, kuwa kitakatifu. Kwa hiyo kutukuza kwetu kunaliinua jina juu, na kwao jina linang'arishwa kama nguo iliyofuliwa ikaanikwa juani. Mtu anayeomba kwa lugha ya pili hana jinsi ya kukimbia. Kila neno linamlazimisha asimame alitazame. Mtafute mama mmoja mzee wa kanisa la kijijini, asiye msomi ikiwezekana, umwombe akufundishe kusema zaburi moja kwa Kichewa mpaka uijue kwa moyo, na umlipe kwa kumsaidia kazi anayoifanya mnapojifunza. Kwa njia hiyo utapata pia lile kundi la Alhamisi unalolililia, ingawa huenda litakuwa la watu wawili na litakutana kwenye kibaraza huku mnachambua maharage. Na siku Padri atakapokuja na haraka yake, usimsubiri baada ya Misa wakati kila mtu anamvuta kanzu. Mpelekee ujumbe wiki moja kabla kwamba unahitaji robo saa ya kuungama. Padri anayehudumia makanisa mengi hawezi kubuni shida ya mwalimu ambaye kila mwezi humwona ameketi mbele akiimba vizuri.

Tuje kwenye taarifa. Hukusema uongo, lakini umeruhusu ukweli wa nusu ukutenge na watu wanaokupenda. Waliokuwekea mikono hawakununua mafanikio. Walimtuma ndugu yao, na ndugu anayo haki ya kuugua. Sikushauri uandike kwamba umekauka na barua hiyo isomwe baada ya matangazo, katikati ya tangazo la ujenzi wa choo na la ndoa, kwa kuwa makusanyiko yetu, Mungu aturehemu, yana masikio mengi na kifua kidogo. Andika taarifa yako ya kawaida, fupi kuliko zamani, picha zikiwa mbili badala ya kumi. Kisha andika barua ya pili, iliyofungwa, kwa Padri aliyekutuma na kwa mama mmoja wa Umoja wa Mama ambaye unajua hafungui kinywa ovyo. Waambie wao hayo uliyoniambia mimi. Ukishafanya hivyo, makofi ya Jumapili hayatakuchoma tena, kwa sababu wapo wawili kanisani wanaojua wanampigia nani.

Suala la kuacha ualimu na kwenda kwa masista wa Masasi nimeliweka mwisho kwa makusudi. Chama cha Mariamu Mtakatifu kina heshima kubwa machoni pangu, na siwezi kukuambia kwamba Mungu hakuiti huko. Ninachoweza kukuambia ni kwamba picha uliyo nayo si sahihi. Masista wale wanalima, wanapika, wanapokea wageni na wanaamka kengele ikilia, wapende wasipende, nao pia hupiga miayo. Anayekwenda utawani ili kuukimbia uchovu wa kengele ataikuta kengele nyingine, na safari hii bila likizo. Wito wa kweli huja pia kwa mtu aliyelala vya kutosha. Kwa hiyo mpe Mungu mwaka mmoja wa kukuita ukiwa macho. Likizo ndefu ijayo, omba kukaa nao kama mgeni wa mafungo kwa siku chache, uwaambie wazi kwamba hujaja kuomba kupokelewa. Kama baada ya mwaka huo, umelala, umeungama, unajua zaburi moja ya Kichewa, na bado moyo unavutwa Masasi, basi nenda na sitakuwa na neno. Lakini usiwaage wasichana kabla hujawafahamu.

Nasubiri barua yako muhula ujao. Usinieleze umeomba kwa muda gani, wala umefunga siku ngapi. Niandikie majina ya wasichana watatu wa darasa ulilolichagua, la kwanza tu linatosha na hatutayachapisha, na kando ya kila jina uniambie jambo moja ambalo leo hulijui. Mmoja wao awe yule anayepiga miayo kwa sauti kuliko wenzake.